JE, WAJUA? Skripti: Andika Mara Moja, Kompyuta Irudie

Je, wajua kwamba hata kompyuta kuukuu ya steshenari hapa Ilongero, yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, inaweza kujifanyia kazi nyingi? Iandikie skripti, yaani faili la maandishi lenye amri, na sheli, yaani programu inayopokea amri zako, itazitekeleza moja baada ya nyingine.

Je, wajua kwamba wazo hili lina umri wa miaka 60 na ushei? Mfaransa Louis Pouzin alitengeneza RUNCOM, programu ya kutekeleza amri zilizo kwenye faili, huko MIT, Marekani, katika miaka ya 1960. Bash, sheli inayotumika sana leo, ilitoka 1989 kwa mikono ya Brian Fox. Ni ya bure.

Je, wajua kwamba mstari mmoja unatosha kubadili majina ya picha zote za pasipoti za wateja?

for f in *.JPG; do mv "$f" "mteja-$f"; done

Ziwe 3 au 300, ni mstari uleule. Usisahau alama za nukuu: bila hizo, faili liitwalo «picha ya Juma.JPG» husomwa kama maneno matatu, na amri hukwama.

Je, wajua kwamba cron huamsha skripti kwa saa uliyoipangia? Lakini yenyewe huhesabu kuanzia usiku wa manane: saa 2 usiku yetu huandikwa 20. Umeme ukikatika saa hiyo, cron haiirudii kazi iliyopita. Anacron huifanya kompyuta ikishawashwa.

Je, wajua kwamba rsync, programu ya kunakili mafaili iliyotoka 1996, hupeleka mabadiliko tu badala ya kunakili kila kitu upya? Mwenye bando dogo hapo ana nafuu kubwa.

Je, wajua kwamba rm, amri ya kufuta mafaili, haina kapu la taka? Kilichofutwa kimekwenda. Tanguliza echo mbele ya amri: utaona majina ya mafaili yatakayofutwa kabla hujayagusa.

Je, wajua kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi, kwa Kiswahili? Programu huria ni zetu pia.

Je, wajua kwamba huhitaji kompyuta ili uanze? Programu ya Termux huleta Bash kwenye simu ya Android. Kijana, chagua kazi moja inayokuchosha kila siku, uiandikie skripti yako ya kwanza.