Msuguano Mahali Pake: Namna Uso wa Chombo Unavyoongoza Mtiririko wa Metali

Katika ufuaji wa metali, msuguano haufai kuondolewa wote wala kuachwa wote. Hufaa kugawanywa, uongezwe pale ambapo metali yapaswa kushikwa, upunguzwe pale ambapo yapaswa kuteleza. Jambo hili huonekana wazi katika utengenezaji wa nondo, kazi iliyoingia Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1970, kiwanda cha kuviringisha chuma kilipoanzishwa mjini humo chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC).

Mkuo wa chuma, yaani kipande kirefu kilichokwisha kusubiwa, hupashwa moto katika tanuri hadi nyuzi 1,100 au 1,200 za Selsiasi, kisha husukumwa kwenye upenyo ulio kati ya rola mbili zinazozunguka kwa kuelekeana, upenyo ambao ni mwembamba kuliko mkuo wenyewe. Rola zinapoukandamiza mkuo huo, kani ya mkandamizo huurudisha nyuma, na kinachouvuta mbele ni msuguano peke yake, kwa hiyo mkuo hung'atwa pale tu mvuto unapoushinda msukumo. Kiwango cha mvuto huo hupimwa kwa kizigeu cha msuguano, ambacho ni uwiano kati ya kani inayozuia kuteleza na kani inayokandamiza. Kwa rola yenye kipenyo cha milimita 300, kizigeu kikiwa 0.4, unene wa mkuo waweza kupunguzwa kwa takriban milimita 21 katika mpito mmoja. Kizigeu kikishuka hadi 0.2, hupungua milimita 6 tu. Msuguano umepungua nusu, lakini kazi inayofanyika imeshuka hadi karibu robo, na hesabu hiyo ndiyo inayomfanya fundi wa rola za mwanzo azichonge mikwaruzo na mifereji midogo makusudi, ilhali mtu asiyeijua kazi angezing'arisha. Alama zinazobaki juu ya chuma hazina madhara makubwa, kwa kuwa rola zinazofuata, ambazo ni laini zaidi, huzifuta.

Rola za mwisho zina kazi nyingine. Ndani ya mfereji wao huchongwa vijishimo vya mshazari, na chuma cha moto kinapobanwa hutiririka na kuvijaza, kikatoka na yale matuta ambayo kila mwashi huyaona juu ya nondo, yanayoifanya zege iishike isichomoke. Vijishimo vikilika, matuta huwa mafupi, na nondo huweza kuteleza ndani ya nguzo hata kama chuma chenyewe ni imara. Hivyo hali ya uso wa rola kiwandani ni sehemu ya usalama wa jengo, na mnunuzi afanya vyema kuyapapasa matuta kabla ya kulipa.

Hesabu hiyo ya kizigeu ina mpaka wake. Kanuni ambayo Guillaume Amontons aliieleza huko Ufaransa mwaka 1699, kwamba msuguano huongezeka kwa kadiri ya mzigo, hufaa kwa vitu vinavyogusana kidogo tu. Frank Philip Bowden na David Tabor wa Cambridge walionyesha katika karne ya 20 kwamba nyuso mbili hukutana kwenye ncha za vilima vidogo visivyoonekana kwa macho, na eneo linalogusana kweli ni sehemu ndogo sana ya uso wote. Katika ufuaji vilima hivyo hubondwa bapa, eneo la mguso huongezeka, na inafika hatua ambapo metali hugandamana na chombo na kukatika kwa ndani badala ya kuteleza juu yake. Hapo mzigo ukiongezwa msuguano hauongezeki tena, bali kinachoharibika ni bidhaa, kwa mikwaruzo na vipande vinavyong'oka na kung'ang'ania chombo.

Ugawaji wa msuguano huonekana vizuri zaidi katika sufuria ya kukandamizwa, ambayo hutofautiana na ile ya kusubu. Sahani bapa ya alumini huwekwa juu ya kalibu yenye tundu, ikashikiliwa kandoni kwa pete, kisha nguzo ya chuma huisukuma katikati hadi iwe chungu. Ukingo wa sahani unapaswa kuteleza kuelekea tundu, kwa hiyo pete na mdomo wa kalibu hung'arishwa na kupakwa mafuta. Lakini pale nguzo inapogusa kitako na ubavu, msuguano huisaidia alumini isinyooke na kupasuka karibu na pembe ya kitako. Fundi anayepaka mafuta pande zote mbili kwa ukarimu ule ule huiondoa nguvu iliyokuwa ikimsaidia. Pete nayo ikilegea mno ukingo hujikunja, na ikibana mno kitako hutoboka.

Njia za kuurekebisha uso ni nyingi, na baadhi yake hutumia vitu vya kawaida. Waya wa chuma huvutwa ukiwa umepakwa sabuni kavu, na tangu zamani chokaa, ambayo mkoa wa Tanga unayo kwa wingi, ilitumika kama tabaka la kuishikilia sabuni hiyo isifutike. Katika miaka ya 1930 huko Ujerumani iligunduliwa kwamba chuma kilichooshwa kwa fosfeti huota fuwele zenye vinyweleo vinavyonyonya sabuni, na ufuaji baridi wa chuma ukawezekana kwa mikandamizo ambayo kabla yake isingevumilika. Vyombo vyenyewe huimarishwa kwa kupenyezwa naitrojeni, au kwa tabaka jembamba la taitaniamu naitraidi lenye rangi ya dhahabu, au kwa vishimo vidogo vilivyochomwa kwa leza, ambavyo huhifadhi mafuta na kuyatoa shinikizo linapopanda. Hewa ya chumvi ya pwani hudai uangalifu wa ziada, kwani kutu ni ngumu na hukwaruza, na kalibu iliyong'arishwa jioni bila kupakwa mafuta huweza kuamka imebadilika.

Kupima matokeo hakuhitaji maabara kubwa. Pete ndogo ya alumini, yenye kipenyo cha nje cha milimita 30, tundu la milimita 15 na kimo cha milimita 10, huwekwa kati ya bamba mbili na kukandamizwa kwa presi. Msuguano ukiwa mdogo, metali yote hutiririka kwenda nje na tundu hupanuka. Ukiwa mkubwa, sehemu ya ndani hurudi katikati na tundu husinyaa. Karakana ya ufundi yenye presi na kalipa yaweza kuzijaribu kwa siku moja sabuni, nazi, mawese na grisi juu ya bamba zilizong'arishwa na zilizokwaruzwa, ikajua kipi cha kupaka kwenye mdomo wa kalibu na kipi cha kukiepusha na nguzo.