Redio ya Upepo Ufipa: Kabla ya Kununua Wati, Pima

Barabara ya Ntendo kwenda Muze huteremka kwa kona nyingi mpaka Bonde la Rukwa, na mtu akiishuka na redio ya upepo mkononi hahitaji mwalimu wa fizikia. Juu, ukingoni mwa safu ya Lyamba lya Mfipa, bonde lote liko chini ya macho yake na redio ndogo ya wati 4 ina njia nyeupe mbele yake. Akishafika chini, akageuka kumwita mwenzake aliyebaki Sumbawanga mjini, anaambulia mkoromo. Redio ni ileile na betri ni ileile. Kilichoongezeka ni ukuta wa mawe na udongo wa karibu mita 1,000 uliosimama kati yao.

Hapo ndipo wengi hukosea. Redio inarudishwa mjini, inawekwa juu ya meza ya fundi, na mwenyewe anasema: "Fundi, hii imechoka. Nitafutie yenye wati nyingi."

Tuanze na hizo wati, kwa sababu ndizo zinazowamalizia watu fedha. Sumbawanga mjini iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi, na Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi wa uwanda wa juu wa Ufipa, ni chini kidogo ya hapo. Mawimbi ya VHF ya megahezi 136 hadi 174, yanayotumiwa na redio nyingi za mkononi, husafiri karibu na mstari ulionyooka. Mafundi wana kanuni fupi: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita hadi upeo wa redio. Watu wawili waliosimama mahali tambarare, redio zao zikiwa mita moja na nusu kutoka ardhini, wanafikiana kilomita 10 tu kwa hesabu, na miti na nyumba zikiingia kati hata hizo hawazipati. Mtu aliye ukingoni, mita 1,000 juu ya ziwa, upeo wake unapita kilomita 130. Kutoka wati 4 kwenda wati 8 ni nyongeza ya desibeli 3, ambayo sikio huitambua kwa shida. Kupanda kilima kunaweza kukupa mara kumi ya hiyo bila kununua chochote.

Ndiyo maana zamani, kabla ya simu za mkononi, vituo vya mbali havikutegemea redio za namna hii. Misheni, hospitali na ofisi za wilaya zilitumia redio koli za masafa mafupi, HF, ambazo mawimbi yake hupanda angani, yakagonga tabaka la juu na kurudi chini mamia ya kilomita mbali, bila kujali mlima. Madaktari wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 na ambalo redio zake ziliunganisha Nairobi na hospitali za vijijini Afrika Mashariki, waliitwa kwa njia hiyo. Redio ya mkononi ni kazi nyingine: mlinzi wa ghala la mahindi na mwenzake wa getini, askari wa wanyamapori na gari lao, vijana wawili wa bendera kwenye ncha mbili za barabara inayojengwa. Kazi ya karibu, na inayotaka usahihi.

Sasa turudi mezani kwa fundi. Siamini fundi anayepima redio kwa kubonyeza kitufe na kusema "haloo, haloo" kwa redio ya pili iliyo kwenye meza hiyohiyo. Kwa umbali wa mita mbili, hata redio isiyo na antena itasikika, na hata iliyopotea masafa inaweza kusikika. Jaribio hilo linathibitisha kwamba betri ipo, basi.

Fundi mzuri huanza na vitu vya kijinga. Tundu la maiki lililojaa vumbi la kiangazi huifanya sauti iwe ya mtu aliyefunikwa blanketi. Sindano na brashi laini vinatosha. Kitufe cha kuongelea huchakaa mapema, maana ndicho kinachobonyezwa kutwa nzima. Antena hukatika kwa ndani, pale shinani, hasa kwa watu wenye tabia ya kuibeba redio kwa kuishika antena (tabia hiyo ningeipiga marufuku kama ningekuwa na mamlaka). Kwa nje inaonekana nzima, ila nguvu iliyokusudiwa kwenda hewani inarudi ndani ya redio na kuipasha moto. Betri nayo hudanganya: ya lithiamu yenye seli mbili, ikijaa, inaonyesha volti 8.4 ikiwa imetulia. Ipime huku kitufe kimebonyezwa. Ikiporomoka hadi 6, umempata mgonjwa, na kuanza kufungua redio ni kupoteza muda.

Haya yakishaondolewa ndipo kazi ya kuilinganisha redio na vipimo vyake inaanza, na hapo vifaa havikwepeki. Redio haipimwi ikiwa na antena yake. Inafungwa kwenye mzigo bandia wa omu 50, ili nguvu yote iishie humo na isisumbue wengine hewani. Kunahitajika kipimo cha nguvu, kihesabu masafa, jenereta ya mawimbi, au mashine moja yenye vyote hivyo. Mashine hizo ni ghali, na kwa mji wa ukubwa wa Sumbawanga ofisi zenye redio nyingi zingefanya vyema kuchangiana moja kuliko kila moja kununua redio mpya kila mwaka.

Kitu cha kwanza ni masafa yenyewe. Ndani ya redio kuna kristali inayotoa mapigo ambayo masafa yote hupimwa kwayo, na kristali huzeeka na huyumba kwa joto. Usahihi wake hutajwa kwa sehemu kwa milioni. Sehemu 5 kwa milioni kwenye megahezi 155 ni hezi 775. Zinaonekana chache. Lakini redio moja ikipanda hezi 775 na nyingine ikishuka hezi 775, kati yao kuna hezi 1,550, na zimekuwa kama watu wawili waliopanga kukutana sokoni, kila mmoja akasimama kwenye lango lake. Sauti inakuja imekwaruzwa, hasa mtu anapoongea kwa nguvu, na mtumiaji analalamika kuwa mwenzake "anaongea ndani ya debe".

Kwa Ufipa jambo hili lina uzito wake. Asubuhi ya Juni au Julai Sumbawanga ni baridi ya koti. Siku hiyohiyo mchana, chini bondeni, redio iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari imeiva. Redio zenye kristali iliyofidiwa joto huhimili safari hiyo. Za bei nafuu hazihimili kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo fundi hapaswi kuiseti redio dakika ileile inapoingia dukani kutoka nje. Aiache ipate joto la chumba, aiwashe kwa muda, kisha apime. Redio za kazi ya bondeni ningependa azipime mara mbili, zikiwa baridi na zikiwa na moto, ajue zinaelea kuelekea upande gani.

Kinachofuata ni myumbo, yaani kiasi ambacho masafa yanachezeshwa na sauti. Malalamiko mengi ya "redio mpya hazielewani na za zamani" yanazaliwa hapa. Chaneli pana ya kilohezi 25 huruhusu myumbo wa kilohezi 5. Nyembamba ya kilohezi 12.5 huruhusu 2.5 tu. Taasisi inanunua redio tano mpya zilizosetiwa nyembamba, inazichanganya na kumi za zamani zilizosetiwa pana. Ya zamani ikiongea, mpya inatoa sauti iliyopasuka. Mpya ikiongea, ya zamani inatoa sauti ya chini kama ya mtu anayenong'ona. Hakuna iliyoharibika. Dakika kumi za kompyuta zinamaliza ugomvi ambao pengine umeshaandikiwa barua ya kuomba bajeti. Kuna pia ile toni isiyosikika, kwa mfano ya hezi 88.5, inayofungua spika ya mwenzako: ikiwa dhaifu mno, au ikisetiwa tofauti, unaongea peke yako.

Upande wa kupokea, redio nzima hutoa sauti inayoeleweka kwa mawimbi ya mikrovolti 0.25 tu. Ikidai mikrovolti 1 au 2 ndipo ifunguke, ama mlango wake wa mbele, yaani saketi ya kwanza ya kupokea, umeumia, ama kizuia mkoromo kimekazwa kupita kiasi na mtu aliyechoshwa na kelele. Cha pili ni cha kawaida zaidi.

Katika redio za zamani marekebisho haya yalifanywa kwa kuzungusha koili ndogo, na kwa bisibisi ya plastiki. Ya chuma hubadilisha koili ileile unayoirekebisha, ukiitoa kila kitu kinahama. Za leo hupangwa kwa programu. Katika ndogo za Kichina kama Baofeng UV-5R, iliyoingia sokoni mwaka 2012, karibu kazi yote iko ndani ya kipande kimoja cha saketi na fundi hana cha kuzungusha. Kwa vyovyote vile, anakili kwanza kilichomo kabla ya kubadili herufi moja.

Sheria nitaigusa kwa haraka. Masafa ni mali ya umma, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoanza kazi Novemba 2003, ndiyo inayoyagawa. Bei ya redio haihusiani na leseni. Fundi anayekuwekea chaneli aliyoisikia kwa jirani hakusaidii. Anakuingiza katika mazungumzo ya watu, labda ya polisi.

Na radi? Sumbawanga hutaniwa nchi nzima kwa radi, nasi tumezoea. Lakini antena ndefu ya paa, ya kituo cha redio, haina utani: ifungwe waya wa ardhi, na mvua za msimu zikikaribia ichomolewe kwenye mashine.

Kazi ikiisha, daftari lifunguliwe. Namba ya redio, tarehe, wati zilizotoka, hezi ilizokosea, mikrovolti ilizofunguka nazo. Mwakani, redio iliyokosea hezi 200 ikirudi na 700, fundi hatasikiliza hadithi ya wati. Atauliza ilianguka wapi, au ililala juani kwa muda gani.