Je, Wajua? Binti wa Picasso Alijijengea Jina kwa Vito

Je, wajua kwamba Paloma Picasso, aliyezaliwa mwaka 1949 na wachoraji wawili, Pablo Picasso na Françoise Gilot, hakufuata brashi ya wazazi wake bali alisomea usanifu wa vito? Mwaka 1980 kampuni ya Tiffany & Co. ya New York ilianza kuuza kazi zake, na hadi leo inaziuza. Wapo watakaosema ni jina la baba lililombeba. Ni kweli jina hilo lilimfungulia milango, na kulikana ni kukosa haki. Lakini jina haliwezi kuuza hereni kwa zaidi ya miaka arobaini. Mnunuzi hurudi kwa sababu ameipenda hereni yenyewe. Itazame ile alama yake ya X: nene, yenye mkono wa haraka, kama imepulizwa ukutani kwa rangi. Aliichota kwenye michoro ya kuta za New York, wakati wengi wakiiona uchafu tu, akaifinyanga kwa dhahabu na fedha. Jicho la namna hiyo halirithiwi pamoja na mali. Paloma anastahili kuhesabiwa miongoni mwa wasanifu wakubwa wa vito kwa kazi yake mwenyewe.