CHELEZO CHA BARAFU



Sisi tukifika ziwani twatafuta mtumbwi. Leo nataka kuwaeleza habari za watu waliovuka ziwa kwa lori, wala si kwa daraja, bali juu ya maji yenyewe, wakikimbia vita na njaa.

Katika nchi ya Urusi uko mji mkubwa uitwao Saint Petersburg, ambao zamani za Vita ya Pili uliitwa Leningrad. Tarehe 8 Septemba, 1941, majeshi ya Wajerumani yaliziba njia yake ya mwisho ya nchi kavu, na watu zaidi ya milioni 2 wakazingirwa. Chakula kikaadimika hata, mwezi wa Novemba, mtoto alipewa gramu 125 tu za mkate kwa kutwa. Watu walikufa mamia ya maelfu. Ilisalia njia ya Ziwa Ladoga, lililo mashariki ya mji. Nalo, majira ya baridi yalipowadia, likaanza kuganda.

Je, barafu yawezaje kuchukua lori? Maji yakipoa huwa mazito, lakini yakipita chini ya digrii 4 hugeuka, yakawa mepesi; na yakiganda huwa mepesi zaidi. Kwa hiyo barafu hufanyika juu, wala haizami. Siku ya mvua ya mawe, tia mawe machache katika bakuli la maji, nawe utayaona yakielea. Basi barafu ya ziwa ni kama chelezo kikubwa mno: maji ya chini hukichukua pamoja na mzigo wake.

Walakini kila chelezo kina kipimo chake. Barafu ya unene wa sentimeta 10 humchukua farasi asiye na mzigo. Lori lenye tani 1 lataka sentimeta 20. Ndiyo sababu farasi walitangulia, wakikokota magari yasiyo na magurudumu. Tarehe 22 Novemba malori yakafuata, yakiachana mbali mbali, kila moja na magunia machache tu. Safari ya juu ya barafu ilikuwa yapata kilometa 30.

Ikaonekana ajabu moja: pengine lori zito lilipita salama, na jepesi likazama. Wataalamu wakapima, wakavumbua sababu. Lori liendapo hubonyeza barafu, na chini yake huzuka wimbi. Mwendo wa lori ukilingana na mwendo wa wimbi, wimbi huzidi kukua mpaka barafu ivunjike. Mwendo wa hatari ulikuwa karibu kilometa 35 kwa saa. Madereva wakaamriwa wauepuke.

Tangu tarehe 22 Januari, 1942, hata mwezi wa Aprili, wakimbizi zaidi ya nusu milioni walitolewa kwa njia hiyo. Wengi walikuwa wanawake na watoto, wamedhoofika kwa njaa, huku ndege za adui zikiwatupia mabomu. Wako waliokufa njiani kwa baridi. Mwisho barafu ikayeyuka, njia ikafungwa.

Basi, wanafunzi, mtu akiwauliza kuna faida gani kujifunza vipimo vya maji na mawimbi, mwelezeni habari za Ladoga.