Mwanao Akikufungulia Moyo
Aishiye kwa kujificha hapumziki. Mwaka 1995 mtaalamu Ilan Meyer alieleza habari za wanaume 741 wa New York wapendao wanaume wenzao. Aliona kwamba kuonewa, kungojea kudharauliwa, na kujichukia wenyewe huwaletea huzuni kubwa, hata mawazo ya kujiua.

Na nyumbani je? Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake, huko California, walionyesha kwamba kwa vijana kama hao waliokataliwa sana na jamaa zao, hatari ya kujaribu kujiua ilikuwa kubwa mara 8 kuliko kwa wale ambao hawakukataliwa hivyo.

Basi, baba, nawe mama, mwanao akikufungulia moyo, usimfukuze. Keti naye, umsikilize. Neno lako la upole laweza kumponya.