Kupima Wahudumu wa Afya: Kipimo Kipi, na Baada ya Hapo?

Mwaka 2012, katika Hospitali ya Exeter jimboni New Hampshire, Marekani, wagonjwa waliotibiwa kwenye kitengo cha moyo walikutwa na homa ya ini aina ya C. Fundi wa kitengo hicho alikuwa akiiba sindano za fentanili, dawa kali ya maumivu, anajidunga, kisha anazirudisha zikiwa na maji ya chumvi na virusi vyake. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 39.

Visa vya namna hii ni hoja nzito ya kupima wafanyakazi kwa kushtukiza: majina huchaguliwa kwa bahati nasibu bila kujali cheo wala tuhuma, na mhusika hutoa mkojo papo hapo. Idara ya usingizi ya Massachusetts General, Boston, iliwaanzishia utaratibu huo madaktari wanafunzi wake mwaka 2004. Nauunga mkono, kwa masharti matatu.

Kwanza, kipimwe kinachoibwa. Kipimo cha kawaida cha jamii ya afyuni hunasa morfini na kodeini. Fentanili ina umbo jingine la kikemia, hivyo hukipita bila kuonekana. Propofoli na ketamini nazo zinahitaji vipimo vyake.

Pili, jibu la awali lisiwe hukumu. Hata mbegu za mpopi kwenye mkate huweza kuacha morfini mkojoni. Sampuli irudiwe kwa mashine inayotambua molekuli zenyewe, na daktari amuulize mhusika dawa alizoandikiwa kabla mwajiri hajaambiwa lolote.

Tatu, kuwe na tiba na ufuatiliaji. Fundi yule alikutwa mwaka 2010 amezimia chooni kwenye hospitali ya Arizona, akiwa na sindano ya fentanili. Alifukuzwa, akapata kazi jimbo jingine. Hatari ikahamia kwa wagonjwa wengine. Linganisha na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu madaktari wa Marekani walioingizwa kwenye mpango wa tiba na kupimwa mara kwa mara: kati ya 802, baada ya miaka mitano 631 walikuwa na leseni na wako kazini.

Mhudumu anayejua kwamba kukiri ni kufukuzwa ataficha uraibu wake hadi mgonjwa adhurike. Hospitali iandike njia ya tiba kwanza, ndipo inunue vipimo.