Mvua Moja, Maombi Mawili

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo sina hadithi ya sungura wala fisi. Nina ya mvua iliyoombwa na mtoto mmoja na kukataliwa na mwingine, nao wamelala mkeka mmoja.

Nilikuwa msichana mdogo hapa Bariadi, wakati huo tungali Mkoa wa Shinyanga. Simiyu yenu imezaliwa juzi tu, 2012. Baba alilima pamba mwinukoni na mpunga kule mbugani, kwenye majaruba. Ilipofika Mei, vitumba vya pamba vilikuwa vimepasuka, shamba jeupe pee. Pamba ya namna hiyo inataka jua. Ikinyeshewa huchafuka, na pamba chafu hushushwa daraja na bei. Nami nilikuwa nimeahidiwa viatu kwa fedha za pamba ile!

Mpunga nao tulichelewa kuupanda. Ulikuwa ndio kwanza unatoa masuke, na majaruba yameanza kupasuka nyufa. Kaka yangu ndiye aliyeshinda huko akifukuza ndege.

Usiku nikaomba: Mungu, zuia mvua. Kaka, ubavuni pangu, akaomba: Mungu, leta mvua. Tukafumbua macho, tukatazamana, ugomvi ukawaka.

Baba akaja na taa yake. "Haya, sasa Mungu amsikilize nani?"

Kimya.

Baba alikuwa amefundishwa na wazee wa kanisa la Nassa, kule Busega kando ya Ziwa Victoria, ambako wamisionari wa Africa Inland Mission walianza kazi 1909. Akaketi, akatukumbusha usiku wa Gethsemane. Yesu hakujifanya hana shida. Alimwambia Baba yake waziwazi kwamba anatamani kikombe kile cha mateso kimwepuke. Alirudia kuomba hadi mara ya tatu, lakini hakuacha kuongeza kwamba atakalo Baba ndilo liwe. "Ninyi," akasema, "mmeomba kipande cha kwanza, mkalala."

Nikauliza, "Kama atafanya atakalo, nimwombe ya nini?"

"Wewe ukitaka viatu huniambii, ingawa mwenye mfuko ni mimi? Nikikunyima, unabaki mwanangu. Mtoto asiyeniambia haja yake ndiye amenifanya jirani."

Basi tukaomba upya, safari hii vipande vyote viwili. Kile cha pili kilinikwama kooni, sitawadanganya.

Mvua ikanyesha siku mbili. Majaruba yakajaa, kaka akarukaruka. Pamba yangu ikachafuka. Tulipoichuma, mama alitenga safi kando na chafu kando.

Jioni ya kuamkia siku ya mizani, nikachota maji kwa kibuyu, nikanyemelea lile rundo safi. Nilishasikia kwamba wako watu hunyunyizia pamba maji, wengine hutia mchanga, ili uzito uongezeke. Kabla sijamwaga tone, sauti ya baba ikatoka mlangoni: "Na hili nalo umeliombea?"

Nikatikisa kichwa.

"Hukukosea kutoliombea. Hili halina haja ya kuombewa. Mvua itanyesha wapi, hatujui, ndiyo maana tunauliza. Kudanganya mizani Mungu alishakukataza."

Maji yale nikayapeleka kwa ndama.

Mwaka ule sikupata viatu. Wali tulikula, na kaka kila tonge ananikonyeza! Nililia kidogo, kisha nikaomba tena viatu, maana hakuna aliyenikataza kuomba.

Nanyi, wajukuu zangu, mwambieni Mungu mnachokitaka: mtihani, baiskeli, mama apone. Kitajeni kwa jina lake, msione haya. Kisha mwachieni. Lakini mtihani ukifika, msimwulize kama mnaruhusiwa kuchungulia karatasi ya mwenzenu. Jibu lake mnalo tayari.